Je, Wajua? Nondo, Vumbi na Kompyuta ya Nyumbani

Je, wajua kwamba mwaka 1947 mafundi wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, waliifungua kompyuta iliyokuwa ikiwasumbua wakamkuta nondo ndani yake? Ilikuwa tarehe 9 Septemba, saa kumi kasorobo alasiri. Kompyuta hiyo, Mark II, haikuwa na chipu hata moja. Ilikokotoa kwa rilei, yaani swichi za sumaku zinazojifunga na kujifungua, na nondo alikuwa amebanwa katika rilei namba 70 kwenye paneli F. Walimtoa, wakambandika kwa selotepu kwenye daftari la kazi na kuandika pembeni yaliyotokea. Daftari hilo limehifadhiwa hadi leo katika makumbusho ya Smithsonian, Washington, na nondo yumo.

Nimemtanguliza nondo huyo kwa sababu siku hizi kompyuta ikianza kusuasua, neno la kwanza kinywani mwa kila mtu ni kirusi. Tunasahau kwamba mashine hii inaishi chumba kimoja na sisi. Inavuta hewa ileile tunayoivuta, inakula vumbi la barabara ileile, na mende wanaopenda joto wanajua fika kwamba nyuma ya boksi la kompyuta ya mezani kuna joto usiku kucha. Kabla ya kutafuta kirusi, inafaa kutafuta bisibisi.

Chukua laptopu iliyotumika miaka mitatu bila kufunguliwa, katika nyumba iliyo kando ya barabara ya udongo. Fundi akishatoa skrubu na kubandua mfuniko wa chini, utaona feni nyembamba ya duara, na mbele yake safu ya mapezi membamba ya shaba yanayopitisha hewa ya moto kwenda nje. Uchafu hujikusanya palepale kati ya feni na mapezi: nyuzi za nguo, unywele, vumbi jekundu, vyote vimeshikana hadi vimekuwa kipande cha kitambaa. Ukikishika kwa kibano kinabanduka kizima, na nyuma yake shaba inang'aa kwa sababu haijawahi kuguswa na vumbi. Ndiyo maana kupuliza kwa nje kupitia matundu ya ubavuni hakusaidii sana. Unakisukuma kitambaa hicho kirudi kwenye feni, na baada ya wiki mbili kimekwisha kurudi mahali pake.

Je, wajua kwamba prosesa ikizidiwa na joto hupunguza mwendo wake yenyewe ili isiungue? Haikuwa hivyo siku zote. Mwaka 2001 waandishi wa tovuti ya Tom's Hardware walipiga video ya jaribio la kutisha kidogo: mchezo wa Quake III ukiwa unaendelea, waling'oa kipoza joto kilichokaa juu ya prosesa. Pentium 4 ya Intel ilipunguza kasi, picha zikawa za kukwamakwama, lakini haikuzimika, na kipoza joto kiliporudishwa mchezo ukachanganya tena. Athlon ya AMD, ambayo wakati huo haikuwa na kinga ya namna hiyo, iliungua palepale. Prosesa za leo zote zina kinga, nyingi zikiwa na kikomo kati ya nyuzi 95 na 105 za Selsiasi. Kwa hiyo kompyuta inayokwenda vizuri asubuhi, kisha ikaanza kuburura miguu saa nane mchana huku feni ikivuma, huenda haina kirusi chochote. Inajikinga na joto, na dawa yake ni usafi wa feni na mapezi, pamoja na kubadilisha ile pasta ya kupitishia joto iliyokauka juu ya prosesa.

Usafi wenyewe hauhitaji makubwa. Zima, chomoa waya, peleka mashine barazani. Brashi mpya ya rangi yenye nywele laini inatosha kwa sehemu kubwa. Ukitumia bloa, zuia panga za feni kwa kidole au kijiti, kwa maana feni inayozungushwa na upepo hugeuka jenereta ndogo na kurudisha umeme kwenye saketi, tena beringi zake huzungushwa kasi zisiyoimudu. Kitu kimoja tu usikifungue kamwe nyumbani: pawasaplai ya kompyuta ya mezani. Kapasita zake zinaweza kubaki na umeme wa hatari hata baada ya waya kuchomolewa.

Kuna umeme mwingine usioonekana. Mwili wa binadamu hausikii mshtuko wa umemetuli mpaka ufike takriban volti 3,000, ilhali baadhi ya vijenzi vya kompyuta huharibika kwa volti zisizofika 100. Maana yake unaweza kuiua RAM, yaani kumbukumbu ya kompyuta, kwa ncha ya kidole bila kuhisi lolote. Gusa kwanza chuma tupu cha boksi, na usifanyie kazi hiyo juu ya zulia.

Wasomaji wa Tanga, Mombasa na Unguja wana adui wa ziada, chumvi. Upepo wa bahari huileta hadi ndani, nayo huvuta unyevu, na unyevu wenye chumvi hupitisha umeme pasipotakiwa na kuila shaba polepole. Kompyuta inayogoma kuwaka asubuhi ya masika pwani mara nyingi ina miguu ya RAM iliyofanya kutu. Mafundi wengi huisugua kwa ufutio wa penseli na mashine ikawaka. Inasaidia kweli, ila dhahabu iliyopakwa pale ni nyembamba mno na ufutio huikwangua. Kitambaa laini kilicholoweshwa spiriti ya isopropili kinafanya kazi hiyohiyo bila kuikwangua.

Je, wajua kwamba wimbo wa Janet Jackson umewahi kukwamisha laptopu? Kisa hiki alikisimulia Raymond Chen, mhandisi wa miaka mingi wa Microsoft, Agosti 2022. Kampuni moja kubwa ya kompyuta iligundua kwamba video ya Rhythm Nation, wimbo wa mwaka 1989, ikichezwa kwenye laptopu za aina fulani, mashine inakwama. Wakagundua la ajabu zaidi: laptopu nyingine iliyowekwa karibu, isiyocheza chochote, nayo inakwama. Tatizo lilikuwa kwenye diski zilizozunguka mara 5,400 kwa dakika. Ndani ya wimbo ule mlikuwa na sauti yenye masafa yaliyolingana na mtikisiko wa asili wa diski hizo, na diski ikaanza kutikisika yenyewe hadi ikashindwa kusoma. Kampuni ililazimika kuweka kichujio cha sauti cha kuondoa masafa hayo. Udhaifu huo hata ukaandikishwa katika orodha ya kimataifa ya udhaifu wa kiusalama, namba CVE-2022-38392.

Sina shaka wapo watakaosema ni hadithi. Lakini mwaka 2008 mhandisi wa Sun Microsystems, Brendan Gregg, alipigwa video akipiga kelele kwa sauti yake mwenyewe mbele ya rundo la diski, na grafu ya mwendo wa diski hizo ikaonyesha zinachelewa kila alipopayuka. Sababu yake inaeleweka ukijua jinsi diski ilivyoundwa. Kichwa kinachosoma hakigusi sahani. Kinaelea juu yake kwa nanomita chache tu, na unywele mmoja una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Chembe ya moshi wa sigara ikipenya pale ni jiwe. Basi kompyuta yenye diski ya kuzunguka haifai kukaa juu ya spika ya besi sebuleni, wala kuhamishwa huku imewaka.

Diski za SSD hazina sahani wala kichwa, hivyo hazijali muziki. Nazo hazihitaji kupangwa upya faili zake kwa ile kazi ya zamani ya kudifragi, ambayo inazichakaza bure. Kama una kompyuta ya mtumba ya mwaka 2012 au 2013 na una fedha ya kurekebisha kitu kimoja tu, mimi ningebadilisha diski ya kuzunguka niweke SSD kabla ya kufikiria jambo lingine lolote. Mashine iliyokuwa ikichukua dakika kadhaa kuwaka inawaka kwa sekunde.

Sasa tuje kwenye ushauri ambao kila fundi anautoa na wateja wengi wanaudharau: zima, kisha washa. Je, wajua kwamba Windows 95 na 98 zilikuwa na kasoro iliyoweza kuzikwamisha baada ya siku 49.7 za kuwashwa mfululizo? Ndani ya kompyuta kulikuwa na kihesabio cha milisekunde tangu mashine ilipowashwa, na kihesabio hicho kilikuwa na nafasi ya kufika 4,294,967,295 tu. Milisekunde inayofuata hukirudisha sifuri, na programu zilizokuwa zikikitegemea hupotea njia. Gawanya namba hiyo kwa milisekunde za siku moja, utapata siku 49 na saa 17. Kasoro hiyo ilikaa miaka bila kujulikana, na si ajabu. Kompyuta za nyumbani za wakati ule ni chache zilizodumu siku 49 bila kukwama kwa sababu nyingine.

Ndege nazo zimo. Mwaka 2015 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliagiza Boeing 787 zizimwe umeme wote kila baada ya muda, kwa kuwa vidhibiti vya jenereta zake vingeweza kuzimika vyote kwa pamoja baada ya siku 248 za kuwashwa mfululizo. Kihesabio tena, safari hii cha sehemu ya mia ya sekunde.

Na kuna kisa ambacho si cha kuchekesha hata kidogo. Tarehe 25 Februari 1991, wakati wa Vita vya Ghuba, mtambo wa Patriot wa kuzuia makombora uliokuwa Dhahran, Saudi Arabia, ulikuwa umewashwa zaidi ya saa 100 bila kuzimwa. Kompyuta yake ilihesabu muda kwa sehemu ya kumi ya sekunde, na sehemu hiyo haiandikiki kikamilifu katika hesabu ya kompyuta, hivyo kila hatua ilibakiza kosa dogo mno. Kwa saa moja kosa hilo halina maana. Baada ya saa 100 lilikuwa limefika sekunde 0.34, na kombora la Scud kwa muda huo husafiri zaidi ya nusu kilomita. Mtambo ulitazama mahali pasipo kombora. Scud lilianguka kwenye kambi na askari 28 wa Marekani wakafa. Siku nne kabla, vikosi vilikuwa vimepelekewa ujumbe wa kuonya juu ya kuuacha mtambo umewaka "muda mrefu sana", bila kutaja ni saa ngapi. Programu iliyorekebishwa ilifika Dhahran siku moja baada ya maafa. Kuzima na kuwasha kungeirudisha saa ile sifuri, na kulichukua dakika moja hadi moja na nusu tu.

Kompyuta ya sebuleni hailindi anga la mtu, lakini nayo hukusanya makosa ya aina hiyo: programu zilizochukua RAM na kusahau kuirudisha, hesabu zilizopotoka, madirisha yaliyofungwa ilhali kazi zake bado zinaendelea chinichini. Na hapa pana jambo ambalo watumiaji wengi hawalijui. Tangu Windows 8, kubonyeza "zima" kwa kawaida hakuzimi kila kitu. Ili iwake haraka kesho yake, kompyuta huhifadhi moyo wa mfumo kwenye diski na kuurudisha vilevile ulivyokuwa, pamoja na matatizo yake. Anayetaka mwanzo mpya kweli achague "washa upya". Yule anayejivunia kuzima kompyuta yake kila usiku anaweza kukuta, kwenye dirisha la kusimamia kazi, kwamba mfumo wake unahesabu siku ishirini tangu ulipowashwa.

Virusi navyo vipo, bila shaka. Je, wajua kwamba kirusi cha kwanza kuenea cha kompyuta aina ya IBM PC kilikuwa na majina, anwani na namba ya simu ya waliokitunga? Kiliitwa Brain, mwaka 1986, na watungaji ni ndugu wawili wa Lahore, Pakistani: Basit na Amjad Farooq Alvi. Walisema walitaka kuwabana walioiba programu yao ya kitabibu. Kilisambaa kwa diski laini hadi Marekani na Uingereza, na simu zikaanza kuita Lahore.

Diski laini zimekwisha, ila njia ile haijafa. Kwetu inapita kwenye flashi. Mwanafunzi anapeleka kazi steshenari kuchapisha, anarudi nyumbani, akifungua anakuta folda zote zimegeuka njia za mkato. Wengi hapo hufomati kwa hofu na kupoteza kila kitu. Subiri kwanza. Katika aina hii ya kirusi, faili halisi kwa kawaida bado zipo, zimefichwa tu. Antivirusi ikishaisafisha flashi, faili zinaweza kufichuliwa tena na fundi yeyote anayeijua kazi yake. Na ukitaka kujua kama antivirusi yako iko macho, lipo faili la majaribio liitwalo EICAR: herufi 68, halina madhara yoyote, na antivirusi za dunia nzima zimekubaliana kulipigia kelele.

Kuhusu masasisho ya mfumo, yale tunayoyaahirisha kila siku kwa sababu ya bando, tarehe mbili zinatosha. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu moja katika Windows. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo kirusi cha WannaCry kilipita katika tundu hilohilo, kikafunga kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 na kudai fidia. Hospitali za Uingereza ziliahirisha maelfu ya miadi ya wagonjwa. Kiraka kilikuwa kimekaa bure karibu miezi miwili. Na kwa wenye Windows 10, wajue kwamba Microsoft ilikoma kuiunga mkono kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

Wengine hupakua programu za "kusafisha kompyuta". Tahadhari. Mwaka huohuo wa 2017, CCleaner, mojawapo ya programu maarufu kuliko zote za kazi hiyo, ilivamiwa na wadukuzi kiwandani kwake. Toleo namba 5.33 likatoka likiwa na programu hasidi ndani yake, na watu wapatao milioni 2.27 wakalisakinisha kwa nia ya kusafisha. Windows yenyewe ina zana ya kufuta faili za muda, na tangu Windows 8 inakuja na antivirusi yake bila malipo. Kwa nyumba nyingi hizo zinatosha.

Je, wajua kwamba mchele haukaushi kifaa kilicholowa? Januari 2024 Apple iliwaonya wateja wake wasiitumbukize simu kwenye mchele, kwa kuwa chembe zake ndogo zinaweza kukidhuru kifaa. Chai ya maziwa ikimwagikia kibodi, zima kwa kubonyeza kitufe cha umeme bila kukiachia, chomoa chaja, geuza laptopu kifudifudi ikiwa wazi, na umtafute fundi siku hiyohiyo. Sukari ndiyo mbaya zaidi. Maji yatakauka, yenyewe itabaki ikivuta unyevu juu ya saketi.

Desturi ya kuimaliza betri hadi sifuri ndipo uchaji ilifaa betri za nikeli za zamani. Betri za lithiamu, ambazo waasisi wake watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019, huchoshwa na sifuri, na huchoshwa zaidi na kukaa asilimia 100 kwenye joto. Kama laptopu yako inakaa kwenye chaja siku nzima, tafuta mpangilio wa kuisimamisha kwenye asilimia 80. Na usiilaze kitandani, godoro huziba matundu ya hewa.

Ukifuta faili na kumwaga pipa la taka, kompyuta kwa kawaida haifuti kilichoandikwa. Inafuta tu jina lake kwenye orodha na kutangaza nafasi hiyo iko wazi. Simson Garfinkel na Abhi Shelat wa chuo cha MIT, Marekani, walinunua diski 158 zilizotumika, na mwaka 2003 wakachapisha walichokikuta. Diski 129 zilifanya kazi, na ni 12 tu zilizokuwa zimesafishwa ipasavyo. Nyingine zilikuwa na barua, taarifa za wagonjwa na maelfu ya namba za kadi za benki. Sisi tunaonunua na kuuza kompyuta za mtumba tunahusika pande zote mbili. Windows 10 na 11 zina chaguo la kuirudisha kompyuta ilivyotoka kiwandani pamoja na kusafisha diski. Chagua hilo la kusafisha, hata kama linachukua saa kadhaa.

Mwisho, nakala. Mwaka 1998, filamu ya Toy Story 2 ikiwa inatengenezwa, mtu mmoja katika studio ya Pixar aliandika amri ya kufuta mahali pasipostahili, na wahusika wakaanza kutoweka kwenye skrini mmoja baada ya mwingine. Karibu asilimia 90 ya kazi ilipotea. Wakakimbilia nakala za akiba, wakakuta zimekuwa hazihifadhiwi ipasavyo kwa muda bila mtu kujua, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akizifungua. Aliyewaokoa ni Galyn Susman, mkurugenzi wa ufundi, aliyekuwa amejifungua karibuni na kufanyia kazi nyumbani. Kwenye kompyuta ya nyumbani kwake kulikuwa na nakala ya filamu. Waliifunga kwa mablanketi, wakailaza kiti cha nyuma cha gari na kuendesha polepole hadi studio. Filamu ilitoka Novemba 1999.